UVIMBE WA UKOO SI UCHAWI



Leo tunazungumza juu ya tezi. Tezi ni viungo vidogo vinavyotengeneza homoni. Homoni huingia katika damu na kuongoza kazi za mwili. Tunazo tezi shingoni, juu ya figo na chini ya ubongo.

Rovu tunalijua. Mara nyingi huletwa na upungufu wa madini joto. Kinga yake ni chumvi yenye madini joto.

Lakini upo ugonjwa mwingine, wa nadra. Huu hurithiwa. Mtu mmoja huota uvimbe katika tezi mbili au zaidi. Aina moja huleta saratani ya tezi ya shingo, na pengine uvimbe juu ya figo. Mgonjwa huumwa kichwa, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio. Aina nyingine huweza kuleta mawe katika figo.

Mwaka 1954 daktari Paul Wermer wa Marekani aliandika juu ya ukoo mmoja wenye uvimbe wa namna hii. Alionyesha kuwa ni urithi. Baba au mama huweza kumrithisha mtoto, wa kike au wa kiume. Kila mtoto ni sawa na kurusha sarafu: huenda akapata, huenda asipate.

Sasa jamani, baba akifa, kisha mwanawe akavimba shingo, watu husemaje? "Tumerogwa!" Inapigwa ramli, anatajwa bibi kikongwe. Sisi wa Shinyanga na Geita tunajua mwisho wake. Vikongwe wameuawa bure, wengine kwa macho mekundu tu.

Tusitafute mchawi. Twende zahanati, tumweleze mganga habari za ukoo wetu. Akiona haja, atatuandikia rufaa mpaka Bugando, Mwanza. Tusifiche kitu. Uvimbe wa juu ya figo usipojulikana mapema, shinikizo la damu huweza kupanda ghafla wakati wa upasuaji, mgonjwa akafa. Na mtoto aliyerithi ile aina ya saratani akigunduliwa mapema, huweza kuondolewa tezi ya shingo kabla saratani haijaenea. Baadaye atameza vidonge kila siku, lakini ataishi.

Ndugu, kisomo tumekipata. Basi tuchukue daftari. Tuandike: nani katika ukoo alivimba shingo, nani alikufa ghafla, nani alifia katika upasuaji. Daftari hilo tumpelekee daktari. Litamsaidia mgonjwa kuliko ramli, na bibi yetu atalala salama.