LLC, S au C: Mwenye Mtaji Anataka Kampuni Gani?

Kijana wa Kimombasa akibuni programu ya tiketi za mabasi huko Minneapolis, mhasibu humshauri afungue LLC, yaani kampuni ya dhima yenye kikomo. Ushauri si mbaya: karatasi chache, na faida inaingia moja kwa moja kwenye ritani yake ya kodi. Kasheshe huanza mwekezaji wa mamilioni anapobisha hodi.

Pesa za mwekezaji huyo aghalabu si zake. Ni za mifuko ya pensheni, akiba za vyuo vikuu na matajiri wa ng'ambo. Kwa kuwa LLC hupitisha mapato hadi kwa wamiliki, chuo kilichosamehewa kodi kinaweza kudaiwa kodi ya biashara, na tajiri wa Uswisi akajikuta anajaza ritani Marekani. Nani ataka balaa hilo?

Aina ya S, ambayo nayo hupitisha faida hadi kwa wamiliki, ndiyo inayowanasa wanadiaspora hasa. Wanahisa hawazidi 100, hisa ni za aina moja tu, na asiye raia wala mkaazi wa Marekani haruhusiwi kuwamo. Kaka aliyeko Tanga akipewa asilimia 2 kwa sababu alichangia mtaji wa mwanzo, hadhi ya S imekwenda. Mwekezaji naye hutaka hisa za upendeleo, ili kampuni ikiuzwa alipwe kwanza. S haina nafasi hiyo.

Inabaki C, kampuni inayolipa kodi yenyewe, na kwa kawaida ya Delaware, jimbo ambalo Mahakama yake ya Chancery imeamua kesi za kampuni kwa vizazi, bila jopo la wananchi. Kodi ya C kwa serikali kuu ni asilimia 21 ya faida, na gawio hutozwa tena. Lakini kampuni changa inayokula hasara faida itaitoa wapi?

Tazama Chipper Cash, kampuni ya kutuma pesa: ya Ham Serunjogi wa Uganda na Maijid Moujaled wa Ghana, iliweka makao San Francisco huku wateja wake wakiwa Afrika. Mwaka 2021 ilichangisha dola milioni 100 kwa mkupuo.

Barua ya kodi ya kila mwaka ya Delaware nayo hutisha: hisa 10,000,000 zilizoidhinishwa huleta hesabu ya dola 85,165. Ikitumika hesabu ya pili, inayotazama mali, kampuni changa mara nyingi hulipa dola 400 tu, kufikia Machi 1.

Aliyekwisha kusajili kampuni BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, asikimbilie kuhamishia hisa kwenye kampuni ya Delaware. Umiliki ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50, sheria ya kodi ya Tanzania huweza kuhesabu kuwa mali imeuzwa, hata kama hakuna aliyepokea senti. Wakili wa Dar es Salaam aulizwe kabla ya yule wa Wilmington, Delaware.