Uhuru Wenye Masharti

Msikilizaji, kila tarehe 10 Desemba taarifa za habari hutaja Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kana kwamba haki zote zilizaliwa Paris siku moja. Lakini tutazame Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa la Mkunazini. Soko lilifungwa, utumwa ukabaki.

Ilipita miaka 24 kabla Sultani Hamoud hajatoa amri ya kuufuta utumwa kisheria, Aprili 1897, tena amri yenyewe ya ajabu. Mtumwa ndiye aende mahakamani kuomba uhuru wake, aeleze atakaa wapi na ataishi kwa kazi gani. Na fidia je? Alilipwa bwana. Aliyechuma karafuu miaka yote hakupewa hata pesa moja. Masuria nao waliachwa nje ya utaratibu huo, wakihesabiwa kuwa watu wa ndani kama wake wa ndoa; wao walingoja hadi 1909.

Kwa hiyo, sheria yoyote ya haki ikipelekwa bungeni, msikilizaji, anza kusoma vifungu vya mwisho. Masharti hukaa huko.