Kuihudumia Seva Iliyo Mbali: Uzoefu Wetu
(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi kwenye semina ya kamati za sharika na wafadhili)



Wengi wenu mmeuliza kwa nini bajeti ya kompyuta za hospitali ina kipengele cha "udhibiti wa seva kutoka mbali", wakati seva yenyewe ilikwisha kununuliwa. Swali ni la haki, maana fedha hizi ni sadaka za watu. Tuanze na lililotupata.

Masika fulani umeme ulikatika usiku katika hospitali yetu moja. Uliporudi, seva haikuamka. Asubuhi mapokezi hawakuweza kufungua faili la mgonjwa hata mmoja, maabara hawakuweza kutuma majibu, na wauguzi wakaanza kupekua madaftari ya zamani kutafuta dozi za wagonjwa wa kisukari. Fundi wetu alikuwa makao makuu. Alijaribu kuingia kwa njia ya mtandao aliyoizoea, akashindwa, kwa sababu njia ile hufanya kazi seva ikiwa hai tu. Ikabidi asafiri, gari likakwama kwenye tope, akafika jioni. Alipounganisha skrini na kibodi alikuta betri ndogo ya ndani imekwisha, saa ya mashine imepotea, na seva inasubiri mtu abonyeze F1 ili iendelee. Safari ya siku nzima kwa kitufe kimoja!

Baadaye tuligundua jambo la kutuaibisha kidogo. Seva nyingi za kazi zina kompyuta ndogo ya pili ndani yake, yenye chipu yake na mara nyingi tundu lake la waya wa mtandao. Seva ikizimwa, hiyo ndogo hubaki macho mradi waya wa umeme umechomekwa. HPE (zamani HP) huiita iLO, Dell huiita iDRAC, na kiwango cha pamoja, IPMI, kilitolewa mwaka 1998 na Intel, Dell, HP na NEC. Kwa kuipitia, fundi huwasha na kuzima seva, hupima joto, na huona skrini tangu maandishi ya kwanza kabisa. Seva yetu ilikuwa nayo tangu siku ya kwanza! Ila kwa aina tuliyonunua, kuona skrini kulihitaji leseni ya ziada, na hakuna aliyeiomba. (Tuseme ukweli: seva hupigwa picha siku ya kukabidhiwa, leseni haina cha kupigwa picha.) Kwa mashine za zamani kipo kisanduku cha nje kinachochomekwa kwenye matundu ya skrini, kibodi na kipanya, kikamwonyesha fundi skrini kutoka mbali.

Lakini aliyeishika kompyuta hiyo ndogo ameishika seva yote, pamoja na siri za wagonjwa. Mwaka 2013 mtafiti Dan Farmer alieleza udhaifu wa IPMI 2.0: mgeni akijua jina la mtumiaji tu, anaweza kupewa alama iliyotengenezwa kutokana na neno la siri, akaondoka nayo na kulikisia neno lenyewe kwa nafasi yake. Kasoro hiyo imo katika kiwango chenyewe, kwa hiyo kusasisha programu hakuiondoi. Nasi tulipokagua ya kwetu, tukakuta neno la siri ni lile la kiwandani. Tulilibadilisha siku ileile, na tumeamua kifaa hiki kisifunguliwe kamwe moja kwa moja kwenye intaneti. Fundi atakifikia kwa njia iliyofungwa ya dayosisi tu, na watu wawili ndio watakaolijua neno la siri, ili mmoja akiugua hospitali isikwame.

Basi kwenye bajeti mtaona vitu vitatu: leseni, laini ya pili ya mtandao ya kutumia ya kwanza ikikatika, na betri ya akiba. Tukilazimika kupunguza, tunaomba betri isiguswe. Umeme ukikosekana kabisa, kompyuta ile ndogo nayo hulala.

Wakati wa chai, seva ya mfano iko ile meza ya nyuma. Njooni muizime na kuiwasha wenyewe kutoka upande huu wa ukumbi.