Hotuba Juu ya Sindano ya Maziwa na Nyati wa Bara Hindi



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme machache juu ya jambo lililoulizwa na wanachama wafugao ng'ombe: je, yafaa Chama kitoe fedha kununua sindano ya kuongeza maziwa? Tumeona vema kuwaeleza habari za nchi iliyoizoea sindano hiyo, yaani Bara Hindi, ambako karibu nusu ya maziwa yote hutoka kwa nyati wa kufugwa. Hao si nyati wa mwitu tuwajuao sisi. Ni wapole, na maziwa yao yana mafuta kadiri ya asilimia 7, hali ya ng'ombe ni kama asilimia 4.

Nyati huyo ana tabia moja imwudhiyo mkamuaji. Ng'ombe huwa na kadiri ya sehemu 20 katika 100 za maziwa yake tayari chini ya kiwele. Nyati huwa nazo 5 tu. Yaliyosalia hukaa juu katika vifuko vidogo mno, wala hayashuki mpaka ubongo umwage katika damu homoni iitwayo oksitosini, iviminyayo vifuko hivyo. Ndama anyonyapo, homoni hutoka yenyewe. Lakini ndama akifa, nyati huyazuia maziwa, na mwenye nyati mmoja hukosa riziki ya siku ile. Ndipo wengi wakimbiliapo sindano.

Basi na tufahamu: sindano hii haifanyi maziwa, huyashusha tu yaliyokwisha kufanyika. Na kwa kuwa maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi, mwenye mnyama huyaona mazito, akadhani amepata faida. Lakini mnyama achomwaye kila siku huzoea, hata asishushe vema pasipo sindano. Na sindano moja ikipita kwa wengi bila kuchemshwa hueneza maradhi. Sheria ya Bara Hindi ya mwaka 1960 yakataza kumchoma mnyama kitu cha kuongeza maziwa kidhurucho afya yake.

Wala tusiilaumu dawa yenyewe. Oksitosini huzuia damu kumtoka mno mama aliyejifungua. Mwaka 2018 Serikali ya huko ilitaka kuwazuia wenye viwanda binafsi wasiitengeneze, kwa sababu ya matumizi mabaya katika mifugo; Mahakama Kuu ya Delhi ikaitangua amri hiyo mwezi wa Desemba, dawa ya akina mama isije ikaadimika.

Iko homoni nyingine, somatotropini, ambayo kweli huongeza maziwa. Marekani iliikubali kwa ng'ombe mwaka 1993. Kanada iliikataa mwaka 1999. Nayo yadai chakula kingi: mnyama asiyeshiba hana cha kuongeza.

Kwa hiyo twauomba Mkutano huu fedha zetu zitumike kwa majani na maji, na sindano iachwe mikononi mwa daktari wa mifugo. Nyumbani, mkamuaji na awe yule yule, saa ile ile. Akioshe kiwele kwa maji ya uvuguvugu, ndama aonje kwanza, mama apewe chakula akikamuliwa, wala pasiwe na kelele. Hayo huitoa homoni ile ile, bila gharama ya hata senti moja.

Wazee wetu, shauri ni lenu.