Aliyeumwa na Nyoka: Namna Mwili Unavyojifunza Bila Kuulizwa

Aliyeumwa na nyoka, wasema Waswahili, akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo hauna sumu wala meno, na anayeshtuka anajua hivyo. Lakini mwili wake umekwisha kuruka kabla akili haijatoa hukumu. Makala ya sayansi na maisha juma hili inatazama elimu iliyomo ndani ya mshtuko huo: namna kiumbe anavyojifunza kuhusisha jambo moja na jingine, pasipo kukusudia na mara nyingi pasipo kujua.

Mtu ambaye jina lake limefungamana na elimu hii hakuwa mwanasaikolojia. Ivan Petrovich Pavlov alizaliwa mwaka 1849 katika mji wa Ryazan nchini Urusi, mwana wa kasisi. Kwa miaka mingi alichunguza namna chakula kinavyosagwa mwilini, na kazi hiyo ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Katika maabara yake mjini St. Petersburg, mbwa walifanyiwa upasuaji ili mate yao yatoke nje kwa mrija na kupimwa tone kwa tone. Hapo likazuka jambo lililovuruga vipimo. Mbwa waliokwisha kuizoea maabara walidondoka mate hata kabla chakula hakijafika mdomoni, kwa kuona bakuli tu au kusikia hatua za mtu aliyezoea kuwalisha. Pavlov akaacha kuliona jambo hilo kuwa kero, akaanza kulichunguza lenyewe.

Watu wengi husimulia habari ya kengele. Kwa hakika Pavlov alitumia ishara za aina nyingi: taa, mguso wa ngozi, na hasa kipima mapigo, kile chombo cha wanamuziki kinachogonga kwa vipindi vilivyo sawa. Mwanzoni mlio wa chombo hicho haukumtoa mbwa mate. Kisha ukaanza kusikika muda mfupi kabla ya chakula, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Hatimaye mlio peke yake, bila chakula chochote, ukatosha kuyafanya mate yatiririke.

Hapa ndipo penye msingi wa elimu yote. Chakula ni kichocheo cha asili, na mate yanayotoka kwa ajili ya chakula ni mwitikio wa asili. Hakuna mbwa aliyefundishwa hilo. Mlio wa chombo ni kichocheo cha kufundishwa, na mate yanayotoka kwa ajili ya mlio ni mwitikio wa kufundishwa. Mlio umekuwa mjumbe wa chakula, na mwili humpokea mjumbe kana kwamba mgeni mwenyewe amekwisha kuwasili.

Yapo mambo mengine manne ya kushika. La kwanza ni kuenea: mbwa aliyefundishwa kwa mlio mmoja huitikia pia milio inayofanana nao, kama vile aliyeumwa na nyoka anavyouogopa ung'ongo. La pili ni kupambanua: mlio huu ukifuatwa na chakula na ule usifuatwe, mbwa hujifunza kuitenga milio hiyo. La tatu ni kufifia: mlio ukisikika mara nyingi bila chakula, mate hupungua hadi kukoma. La nne ndilo lenye uzito kuliko yote. Mbwa ambaye mwitikio wake umefifia, akipumzishwa kisha akausikia mlio ule tena, mara nyingi hudondoka mate upya. Kumbe kufifia si kufutika. Somo la zamani limefunikwa na somo jipya, wala halijang'olewa.

Mwezi Septemba mwaka 1924 mto Neva ulifurika, na maji yakaingia katika vibanda vya mbwa wa Pavlov. Mbwa waliokolewa wakiwa wanaogelea karibu na dari. Baadaye, baadhi yao walionekana kupoteza mambo waliyofundishwa, na iliwachukua muda kurudi katika hali yao. Siku moja watafiti wakaacha maji kidogo yapenye chini ya mlango wa chumba cha mmoja wa mbwa hao. Hofu yote ikarejea. Wale wanaosikia mlipuko wa fataki wakalala chini kwa sababu waliwahi kuishi vitani wataielewa habari hii bila kuelezwa.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mambo mawili yakitokea pamoja mara nyingi, yatosha. Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Rescorla, alionyesha kuwa sivyo. Ishara ina nguvu pale tu inapotoa habari. Tukio likija vilevile pasipo ishara kama linavyokuja pamoja nayo, mnyama haijali ishara hiyo. Mwili, kwa maneno mengine, hutafuta utabiri.

Elimu hii inafanya kazi hata Morogoro, Tanzania. Huko, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini. Mojawapo ya hatua za awali ni sauti ndogo ya kubofya inayofuatwa na chakula, mpaka sauti yenyewe iwe habari njema masikioni mwa panya. Baada ya hapo ndipo panya hufundishwa kutafuta harufu ya baruti ili aisikie sauti hiyo. Panya mmoja aliyefunzwa hivyo, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu nchini Uingereza.

Lakini mahali elimu hii inapogusa uhai wa watu kwa ukali zaidi ni katika uraibu wa heroini, janga linalojulikana vyema katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Kwa mraibu, uchochoro, rafiki wa kijiweni na hata kipande cha karatasi ya kukunjia dawa ni kama kipima mapigo cha Pavlov. Anaweza kukaa miezi katika nyumba ya matibabu bila hamu kubwa, kisha akarudi mtaani kwake na mwili ukadai kwa nguvu zilezile. Jamaa husema hana nia, ilhali somo lililofunikwa limefunuliwa tu na mahali.

Ipo hatari kubwa zaidi. Mwili wa mraibu hujifunza kujiandaa kupokea dawa pale uonapo ishara zilizozoeleka. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake nchini Kanada waliwapa heroini nyingi panya waliokwisha kuizoea. Miongoni mwa waliopewa katika chumba cha kawaida, kiasi cha asilimia 32 walikufa. Waliopewa kipimo kilekile katika chumba kigeni walikufa asilimia 64. Dawa ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni ishara ya kuuamsha mwili ujikinge.

Ndiyo maana matibabu ya uraibu, kama yale ya methadoni yaliyoanza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, hayaishii kwenye dawa. Anayerudi nyumbani huhitaji njia nyingine ya kupita, marafiki wengine wa kuketi nao, na kazi ya kuujaza mchana wake. Huhitaji pia familia inayojua kwamba kushtuka kwake anapouona ung'ongo si uongo wala ukaidi. Aliumwa kweli, na mwili wake bado unakumbuka.