Mgeni Aliyeuliza Jina la Mti
Hotuba ya kamati ya elimu katika mkutano mkuu wa mwaka



Tumepewa dakika chache, kwa hiyo tutaanza na aibu yetu.

Miaka michache iliyopita tulimpokea kijijini binti wa chuo kikuu kutoka Marekani, aliyekuja kwa masomo ya miezi mitatu. Tulimpa chumba, tukamfundisha kusonga ugali, tukadhani atashinda barazani na vitabu vyake. Wapi! Alfajiri yuko njiani na akina mama wanaokwenda kutafuta kuni. Jumamosi anapanda kilima na vijana wachunga mbuzi. Jioni anarudi miguu imejaa vumbi, na daftari limejaa maneno. Kila mti aliuliza jina, na kila jani aliuliza kazi yake.

Siku moja babu mmoja alimtembeza porini, na kijana wetu wa kidato cha pili akaenda nao awe mkalimani. Walipohesabu jioni, mgeni alikuwa ameandika majina ya miti arobaini na moja kwa Kizigua. Kijana wetu, mzaliwa wa hapo hapo, alikuwa ametoka nyumbani akijua mwembe, mwarobaini na mbuyu. Hatukumlaumu. Nani kati yetu alikuwa amewahi kumtembeza?

Binti yule si wa kwanza. Katika miaka ya 1980 James Giblin, mwanafunzi wa historia kutoka Marekani, alikuja Handeni kuwasikiliza wazee. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1992. Kinaeleza jinsi Wazigua wa zamani walivyoweza kufuga ng'ombe katika nchi yenye mbung'o: walilima, wakafyeka na kuchoma vichaka vilivyokaribia makazi, mbung'o wakakaa mbali. Njaa na utawala wa kikoloni vilipowatawanya watu, vichaka vilirudi, mbung'o wakarudi navyo, na mifugo ikafa. Maarifa hayo yalikuwa ya babu zetu. Leo mtoto wetu akitaka kuyasoma, atayakuta kwa Kiingereza.

Na ndugu zetu wa Korogwe msicheke, maana milima ya Usambara nayo ina yake. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikuta huko Usambara ua dogo la zambarau, akalituma kwao. Leo ua hilo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, na wataalamu waliliita kwa jina lake, Saintpaulia. Wangapi humu ukumbini tumewahi kuliona likiwa limeota lenyewe kwenye mwamba wenye kivuli? Wengi wetu milima ile tunaiona kwenye dirisha la basi, pale Mombo, tukinunua matunda.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja. Mwenyeji bado hajapona, na dawa anayo mwenyewe: wale wazee. Kila tunapozika mmoja wao, tunafukia na majina ya miti, chemchemi na njia ambayo hakuna aliyeyaandika.

Kwa hiyo kamati inaomba mambo mawili.

La kwanza, mwaka huu watoto wa darasa la tano na la sita watoke Jumamosi moja kila mwezi, watembee na mzee wa kijiji chao, waandike wanachoambiwa, na warudi na mbegu za kuotesha kwenye bustani ya shule. Gharama yake si kubwa: daftari, viriba vya miche, uji wa watoto, na posho ya mzee. Mwenye fedha atoe fedha. Mwenye debe la mahindi alete debe. Mwenye mzazi anayekumbuka mambo atuletee jina lake, maana hilo ndilo tunalolihitaji kwanza.

La pili, wageni wa masomo tuendelee kuwapokea kwa moyo uleule. Lakini tuwaambie mapema, kwa adabu: ulichoandika hapa, tuachie nakala shuleni, kwa Kiswahili.

Yule kijana sasa yuko chuo. Likizo iliyopita alimfuata babu akamwomba waende tena porini, safari hii bila mgeni. Babu alichukua fimbo yake hata chai hakumaliza.

Karibuni tuchangie.