Sado, Kopo na Swali la Wiki Nzima: Hisabati ya Mashindano katika Vyuo vya Ualimu

Mchuuzi wa dagaa kwenye mwalo wa Nkome, wilayani Geita, tuseme ana vyombo viwili: sado ya lita 4 na kopo la lita 7. Hapimi nusu chombo, hakadirii kwa macho, na akishamimina harudishi. Wateja wanafika, huyu anataka lita 11, yule lita 13. Ni ujazo upi hawezi kuupima? Je, kuna kiwango ambacho akishakivuka, hakuna mteja atakayeondoka mikono mitupu?

Swali hili halina kanuni ya kukariri. Linataka daftari, kalamu na ukaidi kidogo. Mwanachuo anaanza kuorodhesha: 11 inapatikana, kopo moja na sado moja, 13 inakataa, 14 ni makopo mawili, 17 nayo inakataa, na hapo mtu anaweza kudhani zitaendelea kukataa mpaka kesho. Halafu 18, 19, 20 na 21 zinakubali zote, kwa mfululizo. Mwenye jicho anaweka kalamu chini hapohapo. Kwa nini? Kwa sababu 22 ni 18 na sado moja juu yake, 23 ni 19 na sado, na mwendo unabaki huohuo bila kikomo. Ujazo usiopimika ni wa aina tisa tu: 1, 2, 3, 5, 6, 9, 10, 13 na 17.

Sasa mkufunzi aondoe kopo la lita 7, alete ndoo ya lita 10. Hesabu inageuka kabisa. Namba witiri zote zinafungiwa mlango, hata ziwe kubwa namna gani, kwa kuwa 4 na 10 zote ni shufwa. Badiliko la chombo kimoja limezaa swali jipya, na aliyelizaa ni mwalimu. Ubunifu katika hisabati ni huo: kugeuza swali na kuona kinachotokea.

Hisabati ya mashindano hudhaniwa kuwa mali ya wenye vipaji wachache wanaopelekwa nje kushindana. Historia yake inasema vingine. Mwaka 1884 mwanahisabati James Joseph Sylvester alitoa swali la ukoo huu wa sado na kopo katika Educational Times, gazeti la walimu lililochapishwa London. Miaka kumi baadaye, 1894, mwalimu wa sekondari wa mji wa Győr nchini Hungaria, Dániel Arany, alianzisha jarida la maswali ya hisabati lililokuja kujulikana kama KöMaL. Wanafunzi walituma majibu na majina ya waliopata yalichapishwa. Baada yake jarida lilishikwa na László Rátz, naye alikuwa mwalimu, yuleyule aliyemfundisha mwanahisabati John von Neumann. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ilikuja baadaye sana, Romania, mwaka 1959. Ile ya Afrika nzima ilianza 1987. Yaani walimu walitangulia, vikombe vikafuata.

Tanzania haianzii sifuri. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kipo tangu 1966, huendesha mashindano ya shule na huadhimisha Siku ya Pai kila Machi 14. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unataja ubunifu na utatuzi wa matatizo waziwazi. Lakini katika mtihani wa kidato cha nne, kwa miaka mingi wanaofaulu hisabati hawafiki hata theluthi moja ya watahiniwa. Wanaoingia vyuo vya ualimu, Butimba, Shinyanga na kwingineko, wamepita mlango huohuo. Wengi wamezoea hisabati kama hatua za kunakili kutoka ubaoni. Mwalimu ambaye hajawahi kukwama kwenye swali moja siku tatu, akalala nalo na kuamka nalo, atawezaje kumvumilia mtoto wa darasa la tano aliyekwama dakika kumi? Atampa jibu. Ni huruma, lakini ni huruma inayonyang'anya.

Linalopendekezwa si kozi mpya. Ratiba za vyuo zimeshajaa. Ubao mmoja ukutani unatosha. Jumatatu swali linaandikwa, linakaa wiki nzima, majaribio yanabandikwa chini yake, hata yaliyokosea, kila moja na jina la mwenyewe. Ijumaa mchana yanajadiliwa. Alama ziende kwa njia, na ziada kwa atakayeleta swali lililogeuzwa. Mkufunzi naye abandike jaribio lake lililokwama. Hapa ndipo pagumu, maana wapo wanaoona aibu kusema "sijui bado" mbele ya wanachuo.

Maswali yenyewe yasiagizwe mbali. Mwanachuo anayepangiwa mazoezi ya kufundisha Nkome au jirani yake amezungukwa nayo: mgao wa samaki kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi, mgao wa mifuko ya mawe machimboni. Hata lugha yenyewe inachokoza. Ziwani mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga. Machimboni ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Duara kwa mchimbaji ni shimo, na mdomo wake huweza kuwa na pembe nne, umeshikiliwa na matimba, yaani magogo. Mtoto wa machimboni akiambiwa achore duara na akachora mraba, mwalimu aulize kwanza kabla ya kuweka mkasi.

Kazi ya vikundi, kikokotoo kisitumike: mchuuzi sasa ana vyombo vitatu, vya lita 6, 10 na 15. Ujazo mkubwa kuliko wote asioweza kuupima ni upi? Swali mama la hili lilikuwa la tatu katika Olimpiadi ya Paris, mwaka 1983. Kila kikundi kilete jibu, uthibitisho, na swali moja jipya la kwake.